Kitufe Chekundu cha Kaku Mushiya

Kuna wanaolala na Biblia chini ya mto na kuna wanaolala na simu mkononi. Mujinga wa Musonoi, ambaye jina lake ni la ukoo wao na si tusi, alikuwa analala na maktaba kichwani, na usingizi wake ulikuwa mtamu kuliko wa wengi.

Si maktaba ya vitabu. Kila lugha ya kompyuta huja na sanduku la zana zilizokwisha kutengenezwa, ili mtu asihangaike kuchonga mpini kila anapotaka kulima, na mafundi huliita sanduku hilo maktaba ya msingi. Lugha aliyojifunza Mujinga alipokuwa akisoma Lubumbashi ilikuwa na tabia yake: haikubali kubadilisha kitu kilichokwisha kuwepo. Ukiipa orodha ya majina na kuiambia iyapange upya, haigusi orodha yako. Inakutengenezea nyingine, iliyopangwa, na ile ya kwanza inabaki pale pale ulipoiacha, haina hata alama ya kidole. Wanafunzi wenzake waliona huo ni usumbufu mtupu. Mujinga alipoelezwa hivyo mara ya kwanza, moyo ulimtulia, akajua amefika kwao.

Alizipakua kurasa zote za maktaba ile, maana intaneti ya Kolwezi ina madeko yake, akawa anazisoma nyumbani kama wengine wanavyosoma hadithi za mapenzi. Akilala zinamjia. Anajiona akitembea ndani ya nyumba ndefu yenye sakafu ya baridi, na katika kila chumba kuna mtu mmoja anayefanya kazi moja bila kuuliza maswali. Huyu anapokea msafara wa watu na kumvika kila mmoja nguo ile ile. Yule amekaa kwenye kizingiti, anaruhusu wa kupita na kuwarudisha wengine kwa upole. Katika chumba cha mwisho kuna mama anayekunja vitenge, kimoja juu ya kingine, mpaka msururu mzima wa vitenge unakuwa furushi moja mikononi mwake. Hakuna anayepiga kelele humo. Ukitoka, unakuta ulichoacha mezani kiko mezani.

Mtu aliyekulia Musonoi lazima aipende nyumba ya namna hiyo. Huko Musonoi, kando ya mgodi wa Kolwezi, kilima ulichokiona utotoni leo ni shimo, na shimo la leo kesho ni ziwa la maji ya kijani. Mchana mgodi unapiga baruti, sahani zinagongana kabatini, na watu wanasubiri zinyamaze ndipo waendelee na sentensi walizoziacha katikati. Majirani wanahama na nyumba zao zinakuwa barabara ya malori. Mujinga alikuwa amechoka na vitu vinavyobadilika. Alikuwa amechoka zaidi tangu kiangazi kilichopita, alipofariki babu yake, Tata Ngeleka.

Tata Ngeleka aliletwa Kolwezi akiwa mtoto mgongoni, wazazi wake walipotoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi. Na yeye akaingia mgodini, chini ya ardhi, mpaka alipostaafu. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wote: hakuwahi kufungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mikono alikuwa nayo, na mlango wenyewe mchana haukuwa na komeo. Lakini akirudi kazini alisimama nje na gamela yake ya chakula, akamwita mkewe, akangoja. Alisema mtu anayetoka chini ya udongo hajiingizi mwenyewe, lazima apokewe na mtu wa juu. Kaku Mushiya, mkewe, angeweza kuwa na unga mpaka kwenye viwiko, angeweza kuwa amekasirika tangu asubuhi, alikwenda, akafungua. Kaku ndivyo watu wa Kasai wanavyomwita bibi, na mtaa mzima ulimwita hivyo.

Mwaka ule kabla ya kifo, Mujinga alikuwa ametengeneza programu ndogo ya nyumbani. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na majina ya watu wa ukoo, na ukibonyeza jina unasikia sauti ya mwenye jina. Alimwekea babu yake simu mdomoni, akamwomba aseme kitu. Mzee akaitazama ile simu, akakohoa, akakaa wima kana kwamba anapigwa picha ya pasipoti. Hakujua mtu anaiambia nini mashine. Mwisho akaiambia lile alilokuwa amelisema kila jioni ya maisha yake ya kazi:

“Mushiya, mi huyu. Fungula.”

Basi. Hakuongeza neno. Waliobaki na sauti yake walibaki na hayo.

Kaku Mushiya hajui kusoma, kwa hiyo majina ya kwenye kioo hayakumfaa kitu. Mujinga akachagua kitufe kimoja kipana cha kibodi, akakipaka rangi nyekundu ya kucha ya dada yake Laurentine, akapanga kwamba kikibonyezwa kitoe sauti ya mzee. Tangu siku hiyo Kaku aliamka, akanawa uso, akafunga kitenge, akaenda kubonyeza kitufe chake. Mzee akaita. Kaku akajibu, “Nakuya,” akaburuta ndara zake mpaka mlangoni, akafungua. Mwanga ukaingia, vumbi nalo likaingia, na siku ya nyumba ile ikaanza. Kompyuta yenyewe ilikuwa haizimwi. Umeme ukikatika, ilishikiliwa na kisanduku cha betri kilichokuwa chini ya meza, na juu ya bati kulikuwa na bamba la jua.

Ndipo Laurentine akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto akapewa jina la babu yake mkubwa. Ngeleka.

Hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Katika ukoo wao jina halizikwi na mtu. Linapumzika kidogo, kisha linarudi. Kuanzia saa ile Kaku Mushiya akamwita yule kichanga bwana yangu, na alipomkojolea alimkaripia kama mke anavyomkaripia mume: kwamba ujana wote hakuwa na adabu hiyo, ameitoa wapi leo. Jumapili ilipangwa sikukuu ya kumtoa mtoto mbele ya ukoo. Watu walikuwa wanatoka Mutshatsha kwa treni, wengine hata kutoka Kisenge. Na Kaku alikuwa amewatangazia wote, bila kumuuliza mtu, kwamba siku hiyo Tata Ngeleka mwenyewe ndiye atakayempokea majina wake. Majina ndiyo wanavyoitana huko wawili wenye jina moja. Sauti ipo, kitufe kipo, nani atakataa?

Ijumaa, mchana, Mujinga alimrekodi mtoto akilia. Aliona ni haki mtoto naye awe na nafasi yake kwenye programu kabla ya sikukuu. Akakaa mbele ya kompyuta, akaandika jina, Ngeleka, akaweka kilio cha mtoto, akathibitisha. Kisha, kwa furaha tu, akabonyeza lile jina kwenye kioo ili asikie.

Mtoto akalia.

Akatafuta Ngeleka wa pili kwenye kioo. Hakuwepo. Ngeleka alikuwa mmoja. Akabonyeza tena, mtoto akalia tena, kilio kile kile, cha mtu mwenye njaa asiye na habari na mambo ya wakubwa.

Alielewa papo hapo alichokifanya. Sauti zote alikuwa ameziweka katika kile ambacho wenye maktaba wanakiita kwa jina lao la kigeni, ila yeye akiwafundisha wanafunzi wake wa sekondari hukiita kabati: kila droo ina jina, kila jina lina droo moja. Ukiweka kitu kipya kwenye jina lililokuwepo, kilichokuwemo kinaachia nafasi. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, ukurasa anaujua. Aliyeandika mfano wa ukurasa ule alitumia majina ya watu waliokuwa kila mmoja na lake, na labda kwao ni hivyo. Hakuwahi kukaa katika nyumba ambamo jina ni benchi, babu anasogea kidogo na mjukuu anakaa. Lakini Mujinga amekaa humo tangu azaliwe, na yeye mwenyewe anaitwa kwa jina la shangazi ya baba yake. Yeye hakuwa na kisingizio.

Na faili la sauti nalo, alilitungia jina kwa utaratibu ule ule. Kilio cha mtoto kilikuwa kimeandikwa juu ya sauti ya mzee. Simu aliyorekodia iliibwa zamani, sokoni.

Hakumwambia mtu. Jioni ile alikula bukari bila kujua alikula na mboga gani. Alipolala aliingia kwenye ile nyumba yake ndefu, na kwa mara ya kwanza aliikuta haina watu. Mama wa vitenge hakuwepo. Furushi lake lilikuwa sakafuni, limefungwa vizuri, na Mujinga aliogopa kulifungua.

Asubuhi ya Jumamosi alitoka mapema kwenda mjini kwa Stany. Stany ni binamu yao, ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko, na ana jibu la kila kitu, hata la vitu ambavyo hujamuuliza. Alimsikiliza Mujinga huku akichokonoa simu ya mtu kwa sindano. Akasema faili lililofutwa anaweza kulirudisha, lakini lililoandikwa juu yake hapana, hilo limeisha. Kisha akaona uso wa binamu yake, akamwonea huruma, akaahidi atakuja baadaye na pikipiki kuitazama mashine kwa macho yake.

Mujinga aliporudi nyumbani alimkuta Laurentine uani akimwogesha mtoto. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na mawingu ya mvua yalikuwa yamelala juu ya bati, kwa hiyo hata bamba la jua halikuwa na la kufanya. Mujinga aliuliza Kaku ameamkaje.

Laurentine akasema ameamka vizuri. Amenawa, amefungua mlango, na sasa anachambua majani ya matamba ya kesho. Anasema Tata amemwita leo kwa sauti nzuri sana.

Mujinga alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akalia. Laurentine akamuuliza ana nini, naye akamweleza yote, na kwamba sasa Kaku anasikia kitu kisichokuwepo. Kwa miezi yote hii amekwenda mlangoni kwa sababu ameitwa. Leo amekwenda bila kuitwa, na hajui. Sauti imekufa ndani ya mashine na inaendelea ndani ya kichwa cha ajuza, na kesho, mbele ya ukoo mzima, atabonyeza kitufe na kitatoka kilio cha mtoto. Laurentine alimtoa mtoto majini. Alimfunga mtoto kwenye taulo na kumpa Mujinga ambebe, na hapo hawakuwa na dawa nyingine.

Mtu mwenye utulivu angejiuliza swali moja dogo na kwenda kubonyeza kitufe. Lakini mwenye hatia hana utulivu, na Mujinga alikuwa na uhakika kamili wa msiba wake. Aliusoma ukurasa ule mara nyingi mno, aliujua kwa moyo, na aliukumbuka nusu tu.

Stany alikuja baruti za mchana zilipokuwa zimekwisha kupigwa. Kisanduku cha betri kilikuwa kimeanza kulia chini ya meza, mlio mfupi, kimya, mlio mfupi. Akainama, akatazama nyaya, akabonyeza jina la Ngeleka, akamsikia mtoto. Akakuna kichwa.

“Izime, uiwashe tena,” alisema. “Mashini iko vile. Kama inachoka, unailalisha kidogo, inaamuka na akili.”

Mujinga alijua hilo halina maana. Lakini betri ilikuwa inakwisha, mashine ingezimika yenyewe muda si mrefu, na mtu aliyekata tamaa anakunywa dawa yoyote anayopewa. Akanyoosha mkono, akaweka kidole kwenye swichi.

Kaku Mushiya alikuwa amesimama nyuma yao, mikono imelowa majani ya muhogo. Aliwauliza wanafanya nini na mashine ya bwana yake.

Hapo Mujinga hakuweza tena. Aliacha swichi, akageuka, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

“Kaku, sauti ya Tata haiko tena. Mi njo nilimufuta. Niliweka mutoto mu fasi yake.”

Bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta miwani.

“Ulimufuta wapi?” akasema. “Asubui alikuwa pa mulango.”

Stany akainamisha kichwa kwa heshima, kama watu wanavyofanya mzee akianza kupotea. Laurentine akamshika Kaku bega. Kaku akauondoa ule mkono, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasogea mezani na kubonyeza kitufe chekundu.

“Mushiya, mi huyu. Fungula.”

Sauti ilikuwa ile ile, na kikohozi chake kile kile mwanzoni. “Nakuya,” akasema Kaku, akaburuta ndara zake, akafungua mlango. Hewa yenye harufu ya mvua ikaingia. Stany akachungulia nyuma ya kompyuta, kisha chini ya meza.

Mujinga alibaki amepiga magoti, na ile nusu ya ukurasa aliyoisahau ikamjia. Zana ya kuongeza haigusi kabati lako. Inakupa kabati jipya, lenye kitu kipya, na la zamani linabaki kama lilivyokuwa. Alikuwa amewafundisha watoto wa watu maneno hayo kwa chaki na kwa sauti ya juu, na lilipofika lake hakuyaamini. Siku ile kitufe kilipopakwa rangi na programu kuwashwa, kitufe chekundu kilipewa kabati la siku hiyo, na kikalishika. Majina ya kwenye kioo yalikuwa yamehamia kwenye kabati jipya la Ijumaa, lenye mtoto. Kitufe hakikuwa na habari. Kilikuwa bado kimeshika la kwake, na ndani yake, kwenye droo ya Ngeleka, mzee alikuwa amekaa anasubiri kufunguliwa. Fundi yeyote angesema hilo ni kosa, kwamba kitufe kinapaswa kutazama kabati jipya kila mara. Mujinga mwenyewe angemkata mwanafunzi alama. Kosa lake la kwanza lilimfuta babu yake, na kosa lake la pili, ambalo hakujua kama amelifanya, lilimtunza.

Maana katika lugha ile yupo mfagiaji, naye hupita kila wakati akizoa vilivyoachwa. Ana sheria moja tu. Chochote ambacho bado kimeshikwa na mtu, hakigusi.

Lakini kabati lile lilishikwa kwenye kumbukumbu ya mashine, na kumbukumbu hiyo inaishi kwa umeme. Swichi ile, kidole kile. Angeibonyeza, mzee angekwisha. Kisanduku kikalia tena, na safari hii mlio ulikuwa wa haraka haraka.

Aliruka, akachukua simu yake, akaiweka karibu na spika, akamwomba Kaku abonyeze mara moja tena, upesi.

Kaku Mushiya aliweka kiganja chake juu ya kitufe chekundu, akakifunika.

“Anaisha kuingia,” akasema. “Utamuita mutu namna gani wakati iko mu nyumba?”

Laurentine akamsihi. Stany akaanza kueleza mambo ya betri, akaangaliwa jicho moja, akanyamaza. Kaku hakuwa anafanya ukaidi. Alikuwa anaeleza jambo lililo wazi: bwana yake amepiga hodi, amefunguliwa, yumo. Akiitwa tena nje atakuwa ni nani huyo? Na hakuna mjukuu Musonoi nzima anayeweza kuondoa mkono wa bibi yake kwa nguvu mahali alipouweka. Kisanduku kililia. Mujinga alitazama ule mkono, mishipa yake, vipande vya majani ya muhogo kwenye kucha, akapiga moyo konde na kuacha kuharakisha.

“Basi, Kaku, tumusindikize kwanza,” akasema. “Aende kazi. Atarudia.”

Uso wa bibi ukafunguka. Hilo lilikuwa na akili. Akaondoa mkono kwenye kitufe, akaenda jikoni, na wote watatu wakamsikia akitafuta kitu, akifunua vifuniko, huku mashine ikilia. Akarudi na gamela ya alumini iliyobonyea upande, ile ya mgodini. Akaishika kwa mikono miwili mpaka mlangoni. Mujinga akamfuata, kwa sababu babu yake hakuwahi kusindikizwa na mtu mmoja tu, na akasimama ubavuni mwake kwenye kizingiti. Mbele yao palikuwa na ua mwekundu, na beseni la mtoto lenye maji ya sabuni, na ng'ambo ya barabara rundo la mawe ya mgodi lililofika mawinguni.

“Enda muzuri,” akasema Kaku Mushiya. “Usikawie kule chini.”

Akatazama mpaka aliyekuwa akimtazama akapotea. Mujinga aliona macho yake yakienda polepole, kutoka kizingiti mpaka geti, kutoka geti mpaka kona, na kwa kitambo kidogo yeye naye alikuwa tayari kuapa kwamba vumbi la pale kona lilisimama kumpisha mtu. Alimpenda bibi yake wakati ule kwa upendo uliomuuma kifuani. Kisha Kaku akafunga mlango, akaweka gamela mezani, akakaa, akapumua. Alikuwa amemaliza asubuhi moja nzima.

“Sasa anaweza kurudia,” akasema.

Mujinga aliwasha kinasa cha simu. Kaku akabonyeza.

“Mushiya, mi huyu. Fungula.”

“Nakuya.”

Ndara zikaburutwa, mlango ukalia bawaba, na ndani ya chumba mtoto akaamka na kuanza kulia. Kisanduku kilitoa mlio mrefu, kioo kikawa cheusi, na feni ya kompyuta ikapunguza mwendo mpaka ikanyamaza.  Mujinga akaisikiliza simu yake akiwa ameibana sikioni kwa mikono yote miwili. Vyote vilikuwemo, mzee na mkewe na mlango na mtoto, na mlio wa betri juu yake. Sauti haikuwa safi kama ya zamani. Alituma nakala kwa Laurentine, na kwa Stany, na kwa wanafunzi wake wawili walioshangaa, kisha akaketi sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja, na Stany akasema alijua tangu mwanzo mashine hiyo haikuwa ya kuzimwa.

Alasiri umeme uliporudi alirekebisha programu. Kila droo sasa ilipokea watu wengi wa jina moja, aliyetangulia na aliyefuata, wakae pamoja. Alipofika kwenye ile sauti mpya alifikiria kuikata, abakize maneno ya mzee peke yake, kwa sababu ndivyo Kaku alivyowaahidi watu. Zana ya kukata ipo kwenye maktaba, na ni ya mstari mmoja. Aliiacha.

Jumapili baada ya misa nyumba ilijaa. Waliotoka Mutshatsha walikuwa wamekaa na mifuko yao ya mahindi mapya, wazee wa Kasai wamekalia viti vya plastiki vya parokia, watoto wamepangwa ukutani. Mezani kompyuta ilikuwa imewaka, na watu walikuwa wanaitazama wakingoja. Kaku Mushiya, ndani ya kitenge kipya na kilemba chake, hakuigusa. Alimwita Laurentine na Mujinga jikoni, akawanong'oneza alivyotaka. Laurentine akatoka nje na mtoto kwa mlango wa nyuma, akizunguka nyumba, na Mujinga akamfuata na simu. Kaku akafunga mlango wa mbele, akasimama nyuma yake, akaomba watu wanyamaze.

Nje, kwenye kizingiti, mtoto Ngeleka alikuwa macho, akitazama mwanga kwenye bati. Mujinga aliiweka simu kando ya shavu lake, akabonyeza.

“Mushiya, mi huyu. Fungula.”

Ndani ilisikika mpaka ukutani kwa watoto. Kaku alifungua mdomo kujibu, lakini kabla hajatoa neno alitanguliwa. “Nakuya,” ilisema sauti ya bibi mmoja huko nje, upande wa pili wa mbao, na ndara zikaburutwa.

Kaku Mushiya alisikiliza. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa na haukusogea. Walioketi karibu walimwona akitabasamu, kisha walimwona akilia, kisha wakamsikia akisema taratibu, si kwa ajili yao:

“Kumbe na mi niko kule naye.”

Ndipo akafungua. Alimchukua kichanga kutoka mikononi mwa Laurentine, akamweka begani, akamfuta vumbi la Musonoi usoni kwa ncha ya kitenge.

“Ingia, bwana yangu,” akasema. “Ulikawia sana.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Mujinga aliingia wa mwisho, simu ikiwa bado na joto mkononi mwake, akafunga mlango nyuma yao, maana lori la mgodi lilikuwa linapita na vumbi lake.